Nimenunua bunduki yenye chapa "C.S. RICHMOND, VA 1863": nimeokota dodo chini ya mwarobaini au nimepigwa?

#1 Mzee wa Trela
Wakuu, habari za majukumu. Nipo Georgia mwaka wa tisa sasa, naendesha trela. Jumamosi nilipita kijiji kimoja nikakuta familia inauza vitu vya babu yao aliyefariki. Viti, masufuria, mashine ya kukatia majani, na pembeni ya gereji imeegemezwa bunduki ndefu kama mti wa kuangulia maembe. Mjukuu akasema ni ya jeshi la Kusini, vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Tukavutana, nikatoa dola 850.

Nilivyoiona mimi: ni ya kushindilia, gobori kabisa. Mti umeshikana na mtutu kwa pete tatu za chuma. Kwenye bamba la mtambo, mbele ya kinyundo, imegongwa C.S. (Confederate States, ndiyo Kusini yenyewe) na chini yake RICHMOND, VA. Nyuma ya kinyundo 1863. Ncha ya mti kule mdomoni imevishwa kikofia cha shaba ya manjano. Ila bamba la kitako ni la chuma na limeandikwa US. Sasa bunduki ya Kusini inaandikwaje US?

Kazini wananiambia ya Kaskazini ya aina hiyohiyo inapatikana kwa dola elfu moja na ushee, lakini ya Kusini ikithibitika bei inaruka mara tano, mara kumi. Maswali yangu mawili: ni ya kweli? Na kwa nini silaha za walioshindwa ziwe ghali kuliko za walioshinda?

#2 Chai Rangi
Nimekaa kiti cha mbele na karanga zangu. Ngoja waje wajuzi.

#3 Kamanda Mstaafu
Hiyo ni Winchester mkuu. Vita vile walitumia Winchester, nimeona kwenye filamu nyingi tu.

#4 Korofindo
Kamanda, umestaafu mapema. Jina la Winchester lilianza kupigwa kwenye bunduki mwaka 1866, vita vimeshaisha. Filamu zako ni za wachunga ng'ombe.

Mzee wa Trela, anza na hili. Aprili 1861 Virginia walikiteka kiwanda cha serikali cha Harpers Ferry, kilekile alichokivamia John Brown, yule mpinga utumwa, Oktoba 1859. Askari waliokuwa wakikilinda walikitia moto wakakimbia, lakini mashine nyingi zilipona. Za kutengeneza bunduki ndefu zikapelekwa Richmond, za bunduki fupi zikapelekwa Fayetteville, North Carolina. Ndiyo maana bunduki ya Richmond ni pacha wa Springfield, bunduki ya jeshi la Kaskazini. Mama mmoja, watoto wamegombana.

Tofauti utaiona kwenye bamba la mtambo. Mashine za Harpers Ferry zilichonga bamba lenye nundu, kwa sababu bunduki ya serikali ya modeli ya 1855 ilikuwa na kijumba cha utepe wa fataki, kama ule wa bastola za watoto za sikukuu. Richmond hawakuhangaika na utepe, ila umbo likabaki. Za mwanzo zina nundu kubwa, za baadaye waliipunguza. Springfield ya 1861 haina nundu kabisa. Yako ikoje?

#5 Mzee wa Trela
Ina nundu ndogo, ukipitisha kidole unaisikia. Na mtutu nimepima, inchi 40.

#6 Korofindo
Basi umbo linakubali. Nundu ndogo na 1863 vinakwenda pamoja. Inchi 40 pia sawa. Ingekuwa 39 ningesema Enfield ya Uingereza.

#7 Fundi Chuma
Polepole jamani. Bamba la nundu halithibitishi kitu. Waitaliano wanatengeneza nakala za Richmond kwa ajili ya wale wanaoigiza vita wikendi. Mtu anachukua bamba la nakala, analipaka asidi, analizika kwenye mavi ya ng'ombe miezi sita, anakuja kukuuzia historia.

Chukua lenzi uangalie herufi zenyewe. Herufi ya kweli iligongwa chuma kikiwa kipya, halafu kutu ikaja baada ya miaka. Kwa hiyo vishimo vya kutu vinapita JUU ya herufi, vinaila kingo. Ukiona herufi imetulia vizuri ndani ya kishimo, ukingo umesimama, chini yake kutu, jua kutu ilitangulia na mgongaji alikuja jana. Halafu bamba liligongwa kabla halijapikwa kuwa gumu. Ukijaribu kugonga lililokwisha kukomaa, herufi inatoka nusunusu au inakuwa na kivuli.

#8 Mzee wa Trela
Fundi, hapo pana msiba. Juzi nilikuwa safarini, shemeji yangu ambaye yupo kwetu kwa muda akaona "chuma kina kutu", akaisugua kwa stilwaya na sabuni ya vyombo. Bamba lote na nusu ya mtutu. Nimerudi nimekuta inang'aa kama sufuria ya Idi. Alitaka kunifurahisha.

#9 Chai Rangi
😂😂😂 Shemeji amepunguza dola elfu mbili kwa sabuni ya senti hamsini.

#10 Bint Unguja
Msimcheke, kwetu mtu akikusafishia kitu unashukuru. Lakini kaka, mwambie asirudie. Hata sarafu za kale hazisuguliwi.

#11 Fundi Chuma
Pole sana. Ile rangi ya kahawia ndiyo iliyokuwa cheti chake cha kuzaliwa. Ila usikate tamaa, stilwaya haifiki chini ya vishimo. Angalia vishimo vilivyoko ndani ya herufi, hasa ile C na ile R. Tupia picha ya karibu.

#12 Mtu wa Malindi
Kabla ya picha na kabla ya bei, kuna swali hakuna aliyeuliza hapa. Wewe bwana, UMEHAKIKISHA HAINA SHINDILIO (baruti na risasi) NDANI? Gobori lilikaa gereji miaka mingapi sijui, na shemeji alikuwa analisugua amelipakata!

Baruti nyeusi ikikaa kavu haiozi. Chukua mdeki, ule ufito wa kushindilia, uteremshe ndani ya mtutu taratibu mpaka ugote, uweke alama kwa kalamu pale mdomoni. Utoe, uulaze nje ya mtutu uone ncha inafika wapi. Inatakiwa ifike karibu na chuchu ya fataki, ile inayogongwa na kinyundo. Ikiishia mbali, kuna kitu ndani. Usisimame mbele ya mdomo wakati unafanya hivyo.

#13 Korofindo
Malindi kasema la maana kuliko sote. Baada ya pigano la Gettysburg, Julai 1863, walikusanya bunduki 27,574 uwanjani na takriban 24,000 zilikutwa na shindilio. Nyingine zilishindiliwa mara mbili, tatu. Mtu katika hofu anashindilia tu, anadhani amefyatua.

#14 Fundi Chuma
Hizo namba huwa zinasimuliwa kama ushahidi wa woga. Mimi nasema askari aliyeanguka akiwa tayari kufyatua, bunduki yake utaikutaje tupu?

#15 Korofindo
Shindilio moja nakubali. Ya mara tatu utaieleza vipi?

#16 Mzee wa Trela
Wakuu, nimetoka kupima sasa hivi na jasho linanitoka. Mdeki umeishia kama inchi tatu na nusu kabla ya chuchu. Nimeitoa ndani ya nyumba, iko bandani, mdomo unatazama ukutani. Shemeji amekaa kimya tangu hapo.

#17 Mtu wa Malindi
Usiweke fataki, usichokonoe kwa drili, usitie moto. Tia maji ndani ya mtutu na kupitia chuchu, yalowe siku kadhaa, halafu upeleke kwa fundi wa bunduki mwenye bisibisi ya kuvutia shindilio. Inaweza kuwa tope la nyigu tu. Lakini lichukulie kuwa ni baruti mpaka uione iliyotoka.

#18 Kasongo Mzalendo
Jambo ba ndugu. Kwetu Katanga bunduki za hivi tunaziita pupu, na wazee bado wanazo porini. Mambo ya kusahau risasi ndani tumeyaona sana. Niulize: mtu mweusi, mtoto wa Afrika, unanunua bunduki ya watu waliopigana ili babu zetu wabaki watumwa, ya nini? Si kuiyeyusha ufanye jembe?

#19 Nyundo ya Pili
Nilikuwa nasubiri nani ataliuliza. +1 Kasongo.

#20 Mzee wa Trela
Swali halali ndugu Kasongo. Kwa kweli nilinunua kwa tamaa ya kuuza, sikufikiria mbali. Ila nilipoibeba kwenda garini nilijisikia vibaya kidogo, siwezi kusema uongo.

#21 Dada Tabora
Mimi naona tofauti. Nani aliyeitengeneza? Watu wanadhani ni mabwana wenye kofia. Kule Griswoldville, Georgia, kiwanda cha mashine za pamba kiligeuzwa kutengeneza bastola za kuiga Colt, na wafanyakazi wengi walikuwa watumwa. Fremu waliimwaga kwa shaba kwa sababu chuma kilikuwa adimu. Wanajeshi wa Kaskazini walikichoma Novemba 1864. Pale Richmond napo, kiwanda cha Tredegar kilichokuwa kikimwaga mizinga kilitegemea watumwa kwenye tanuru. Hizo bastola za Griswold leo ni bei ya nyumba ndogo Tabora, na mnadani wanasoma jina la mwenye kiwanda tu.

Kwa hiyo mtu mweusi akiwa nayo, mimi sioni ajabu. Jasho lililomo ni la nani?

#22 Nyundo ya Pili
Dada umeongea vizuri lakini hoja haikai sawa. Kitanzi nacho kilisokotwa na mtumwa, utakitundika sebuleni?

#23 Dada Tabora
Sebuleni hapana. Makumbusho ndiyo, na maelezo yake pembeni.

#24 Bint Unguja
Nyie mnaisema Georgia, mimi nipo Unguja nawasikiliza. Mkataba wa 1833 baina ya Sayyid Said na Wamarekani una kifungu kuhusu bunduki, baruti na risasi: kisiwani Unguja zisiuzwe ila kwa serikali, bandari nyengine ruhusa. Wafanyabiashara wa Salem, Marekani, walileta merikani (kile kitambaa cha pamba) na baruti, wakachukua pembe na sandarusi. Na hizo bunduki zilizoingia bara zilikwenda kufanya kazi gani? Tusijifanye kuwa ya Richmond ni ya watumwa na zetu zilikuwa za kuwindia kanga.

Tena vita vyao hivyo vya 1861 vilitugusa. Pamba yao ilipokatika, merikani ya kweli ikaadimika huku, Waingereza na Wahindi wakajaza pengo kwa vitambaa vyao. Baada ya vita Wamarekani hawakurudi kama zamani.

#25 Kasongo Mzalendo
Asante dada wa Unguja, umenifunga mdomo nusu. Nusu ingine bado inasema iyeyushwe. Hata Msiri wetu wa Garanganze alijenga ufalme kwa bunduki za kununua kwa shaba na pembe.

#26 Dada Tabora
Kwa kuwa tumefika bara: babu yangu aliacha gobori, liko kwa mjomba. Kwenye bamba kuna taji na neno TOWER na 1861. Hilo nalo ni la vita vya Marekani?

#27 Korofindo
Hapo sasa patamu! Dada, ebu soma kwa makini: chini ya taji pana herufi VR?

#28 Dada Tabora
Kwa picha niliyo nayo, hapana. Taji peke yake. Kwenye mtutu, karibu na kinyundo, kuna namba 25 mara mbili.

#29 Korofindo
VR ni za jeshi la Malkia. Taji bila VR ni kazi ya wafanyabiashara wa Birmingham, na hao waliuza kwa yeyote mwenye fedha. Hiyo 25 ni kipimo cha tundu, sawa na inchi .577, ndio Enfield ya 1853. Kusini na Kaskazini walinunua Enfield kwa jumla karibu 900,000. Kusini walimtuma Caleb Huse Uingereza, mzigo ukapenyezwa usiku kwa meli za kukwepa manowari za Kaskazini. Kwa hiyo bamba kama la babu yako liko kwa maelfu Marekani.

#30 Kamanda Mstaafu
Basi limeshuka kutoka Marekani! Baada ya vita walizimwaga mabaki Ufaransa mwaka 1870 wakati wa vita na Wajerumani, kisha Wabelgiji wa Liège wakazikarabati wakazileta Afrika. Babu wa Dada Tabora alikuwa na bunduki ya Jenerali Lee wa Kusini.

#31 Fundi Chuma
Kamanda leo umegonga nusu. Marekani kuuza mabaki kwa Ufaransa ni kweli, na Liège kuleta bunduki za biashara Afrika ni kweli. Kuziunganisha hizo mbili mpaka uvungu wa mjomba Tabora ni chai. Birmingham ingeweza kuileta moja kwa moja kupitia Unguja.

Kitu cha kutafuta ni chapa ya JS na nanga, nyuma ya kilinzi cha kifyatulio. Ilikuwa alama ya mkaguzi wa mizigo ya Kusini. Tahadhari: hiyo ndiyo chapa inayoghushiwa kuliko zote, kwa sababu inageuza Enfield ya kawaida kuwa "ya Kusini" kwa pigo moja la nyundo.

#32 Mtu wa Malindi
Dada, na hiyo picha usiitundike hapa. Huko Bongo gobori ni silaha kama silaha nyingine, linataka leseni. Huku Marekani sheria ya taifa ya 1968 inaihesabu iliyoundwa 1898 au kabla kuwa kitu cha kale tu, ingawa majimbo mengine yana masharti yake. Usichanganye nchi.

#33 Dada Tabora
Nimeifuta hata kwenye simu.

#34 Chai Rangi
Turudi kwenye bei. Swali la pili la mtoa mada halijajibiwa.

#35 Korofindo
Uchache. Springfield peke yake ilitoa karibu 800,000, bado wakandarasi. Richmond ilikuwa makumi ya maelfu tu, Fayetteville wachache zaidi, na viwanda kama Cook & Brother, ndugu wawili Waingereza waliohamia Athens, Georgia baada ya New Orleans kuanguka, wachache zaidi bado. Hao waligonga bendera ya Kusini kwenye bamba. Halafu mwisho wa vita nyingi zilisalimishwa, nyingine zikakatwa mtutu zikawa za kuwindia sungura.

#36 Nyundo ya Pili
Uchache gani? Kuna vitu vichache kuliko hivyo havina mnunuzi. Bei ni wajukuu wa Kusini wanaonunua kiburi cha babu. Wameshindwa vita, wanataka kushinda mnada.

#37 Fundi Chuma
Wanunuzi ninaowajua hapa Ohio ni wa Kaskazini, babu zao walipigana upande wa pili. Wao wanapenda ubovu wake. Ya Springfield ukiiona moja umeziona zote. Ya Kusini kila moja ina kilema chake: skrubu ya mkono, mti wenye fundo, shaba mahali pa chuma. Unaona njaa ya kiwanda.

#38 Bint Unguja
Na wafanyabiashara je? Wakishanunua kumi, hawatakubali bei ishuke. Karafuu tumeiona.

#39 Korofindo
Ile Whitworth, bunduki ya Uingereza ya walenga shabaha wa Kusini, yenye tundu la pembe sita, ndiyo kilele. Jenerali John Sedgwick wa Kaskazini, pale Spotsylvania, Virginia, 9 Mei 1864, alikuwa anawatania askari wake kuwa adui hawezi kumpata hata tembo kwa umbali ule. Risasi ikamkuta chini ya jicho. Tangu hapo kila mwenye Whitworth anadai yake ndiyo.

#40 Chai Rangi
Tembo alikuwa salama kabisa siku hiyo.

#41 Mzee wa Trela
Wadau, mrejesho. Nimetoka kwa fundi wa bunduki. Aliilowesha wiki nzima, akaingiza bisibisi yake. Kwanza ilitoka donge la gazeti lililogandamana, meusi meusi, herufi hazisomeki. Chini yake marisaa, kama kiganja kimoja. Chini yake gazeti tena, halafu unga mweusi ulioloa. Kumbe shemeji alikuwa amepakata kifo.

Akamulika ndani: mtutu ni laini, hauna mifereji. Anasema ilikwanguliwa ili itumike kuwindia ndege.

Kuhusu herufi: kwenye C kuna kutu iliyokula ukingo, anaipenda. Kwenye 1863 tarakimu ya 6 hakuipenda, inakaa ndani ya kishimo. Akasema bamba la kitako la US halimsumbui, Richmond waliokota vyuma vya Kaskazini uwanjani wakavitumia. Ila akasema pia mtu anayeunga bunduki ya uongo naye huokota vyuma hivyohivyo. Nimelipa dola 60 nikarudi na maswali yaleyale.

#42 Fundi Chuma
Marisaa na gazeti ni dalili njema. Mkulima aliyetoka vitani nayo, akaikwangua, akawinda. Mghushi hashindilii.

#43 Nyundo ya Pili
Au mkulima alinunua mtutu wa Springfield wa dola mbili, akawinda, na bamba likaja kuwekwa na mjukuu mwaka 1975.

#44 Korofindo
Mjukuu wa 1975 asingeacha baruti ndani. Nabaki na kweli, asilimia 70.

#45 Fundi Chuma
Tarakimu ya 6 inanitesa. Mimi 50.

#46 Kasongo Mzalendo
Mimi nabaki na jembe.

#47 Mzee wa Trela
Nimeahirisha kuuza. Iko bandani, shemeji amekataza mtu kuisogelea, sasa ndiye mlinzi. Shukrani wote.

#48 Mtu wa Malindi
Vyema. Dada Tabora, na lile gobori la babu? Mjomba ameshateremsha mdeki?

#49 Dada Tabora
Amekataa kata kata. Anasema limekaa uvunguni kwake miaka arobaini na halijamfanya kitu. Tangu nimwambie, mamdogo amehamia chumba cha watoto.